Ndege Yenye Machela Mbili

Siku mume wangu alipoliona lile boksi, mimi nilikuwa nakunja pindo la gauni la mtoto. Nilishona kwenye baraza la duka la Mhindi mmoja pale Shinyanga mjini, si mbali na stesheni, naye alikuwa na desturi ya kuja jioni kunisindikiza nyumbani. Kusema kweli mimi ndiye niliyekuwa namsindikiza yeye. Kifua chake kilikuwa kimeharibika. Kabla ya hapo alifanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Geita, kazi ya kusimika magogo chini ya ardhi ili mwamba usiwaangukie watu, na vumbi la miaka yote ile lilikuwa limemkaa mapafuni. Alipoanza kutema damu daktari akamwambia asishuke tena shimoni. Ndipo tukahamia Shinyanga, kwetu mimi, tukapanga chumba sehemu ambayo siku hizi inaitwa Kambarage. Tulikuwa wawili tu. Mtoto hatukujaliwa.

Jioni ile hakukaa kwenye benchi kama kawaida yake. Aliingia dukani, akasimama mbele ya kabati la kioo na akawa haondoki. Nikadhani kifua kimembana. Nilipomfuata nikakuta anatazama boksi la karatasi ngumu, limefifia kwa jua, juu yake pamechorwa ndege ya injini mbili ikipita juu ya mawingu.

"Ndiyo hii," akasema.

"Ndiyo ipi?"

"Iliyonitoa Burma."

Nilijua kwamba alikwenda vitani. Nililijua kovu la pajani mwake, maana mimi ndiye niliyekuwa nalikanda wakati wa baridi. Zaidi ya hapo sikujua kitu. Wenzake waliorudi walipenda kusimulia. Ukiwapa pombe kidogo watakusimulia misitu na mvua na Wajapani mpaka uchoke. Yeye mazungumzo yakifika hapo alikuwa anainuka na kwenda zake. Na kwao, Ushirombo, hakunipeleka hata siku moja. Ndugu zake walikuja Geita wakati wa mahari, wakarudi, basi. Niliamini kwamba waligombana kuhusu shamba au ng'ombe, na kwa kuwa hakusema, sikuuliza.

Mwenye duka alitufafanulia kuwa ndani ya boksi hamna ndege nzima, mna vipande vya plastiki ambavyo mtu anaviunga mwenyewe. Aliliagiza kutoka Nairobi kwa ajili ya Mzungu mmoja aliyetaka kumpa mwanawe, na Mzungu akahamishwa kabla mzigo haujafika. Nilitaka kucheka, kwamba mtu mzima anakodolea macho kitu cha kuchezea. Nikatazama uso wa mume wangu, kicheko kikanikauka. Wiki iliyofuata nilimshonea mwenye duka mapazia ya nyumba nzima, na aliponiuliza ujira wangu nikamwonyesha boksi.

Tulilifungulia juu ya mkeka. Plastiki wakati ule ilikuwa kitu kigeni kwetu. Tulizoea bati, mbao na vibuyu. Vipande vilikuwa vya rangi ya fedha, vimeshikana kwenye vijiti kama kunde ambazo hazijachumwa: mabawa, magurudumu, mapangaboi ya injini, na mwili wenyewe umepasuliwa katikati kwa urefu kama samaki wa kukausha. Kulikuwa na karatasi ya michoro. Maneno yake yalikuwa ya Kiingereza, lakini michoro ilijieleza. Alikata kila kipande kwa wembe, akakisugua kwa msasa pale kilipokatika, akakipanga mkekani mahali pake. Ilimchukua siku nyingi kwa sababu alikuwa anapumzika kila mara. Sikuwa nimemwona na utulivu wa namna ile tangu tuondoke Geita.

Taabu ilikuja kwenye gundi. Ilikuwa kwenye bomba dogo laini la madini ya risasi, na alipolifungua harufu yake kali ilimwingia kifuani, akakohoa mpaka akainama, na damu ikaja. Nikachukua lile bomba nikalitia mfukoni.

"Basi," nikamwambia. "Kitu hiki kitakuua."

Alipopata pumzi akasema, "Paka wewe. Mimi nitakaa kule upepo unakotoka, nitakuelekeza."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Tulikaa uani asubuhi kabla sijaenda barazani, yeye kwenye kigoda upande wa juu wa upepo, amejifunga shuka langu puani, mimi chini kwenye kivuli chembamba cha ukuta na sindano ya kushonea magunia. Nilichovya ncha ya sindano kwenye gundi nikapitisha ukingoni.

"Kidogo tu," alikuwa akisema. "Ikizidi inakula plastiki. Sasa shika. Usiachie. Hesabu pumzi zako."

Majirani walipita wakatusalimu, "Mwangaluka," wakasimama kidogo kututazama kisha wakaenda zao. Nadhani walituonea huruma, wakifikiri ugonjwa umeshampanda kichwani na mke anamfuata tu asije akamuudhi. Mimi mwenyewe kuna asubuhi nilifikiri hivyo.

Kwa sababu hakuiunga kama ilivyochorwa. Ndege ya kwenye boksi ilikuwa ya abiria, ya rangi ya fedha yenye mstari mwekundu, na ndani mlikuwa na viti vidogo viwili viwili. Viti vyote akaviweka kando. "Hivi havikuwepo," akasema. Mlango wa nyuma akauondoa kabisa, akaacha tundu, kwa kuwa ndege zile ziliruka mlango wazi ili askari wasukume magunia ya chakula yaende chini kwa miamvuli. Kisha akapasha kisu moto kwenye jiko la mkaa na kuukata mgongo wa ndege kwa urefu, taratibu, mpaka ukawa kama kifuniko unachoweza kukitoa na kukirudisha. Nilimwambia anaiharibu. Sakafu akaitengeneza kwa ubao mwembamba wa kasha la chai.

Rangi tuliomba kwa fundi aliyekuwa akipaka milango ya dukani, kijani iliyokolea. Nilipoipaka bawa moja likang'aa vizuri, nikafurahi. Yeye akatikisa kichwa.

"Ndege ya vita haing'ai. Tia masizi."

Nikakwangua masizi ya sufuria, tukachanganya, ikawa kijani kilichokufa. Picha za kubandika zilizokuja na boksi, zile zinazolowekwa majini, alizitupa. Alama za mabawani alitaka nizichore kwa njiti ya kiberiti iliyofungwa pamba: duara la buluu, na ndani yake duara dogo jeupe. Nikamuuliza kwa nini lisiwe na wekundu kama nilivyoona kwenye picha za ndege za Waingereza dukani. Akasema kule Burma duara jekundu lilikuwa la Mjapani, na mtu asingetaka kupigwa na wenzake kwa makosa. Ndiyo sentensi ndefu ya kwanza kuhusu vita niliyowahi kuisikia kinywani mwake.

Halafu akaniomba machela. Alikata vijiti vyembamba vya ufagio, nami nikatafuta kwenye vitambaa vyangu kipande cha kaki, nikakishonea vile vijiti huku na huku, ikawa machela ndogo ya urefu wa kidole. Nikashona ya pili. Akanionyesha jinsi zilivyoning'inizwa ukutani mwa ndege kwa mikanda, moja juu ya nyingine, nikafunga kwa uzi niliousugua nta. Nilikuwa nimeshakata kitambaa cha ya tatu aliponishika mkono.

"Zinatosha."

"Ndege nzima machela mbili?"

"Zilikuwa nyingi. Lakini hizi mbili ndizo ninazozitaka."

Nikaweka mkasi chini. Nadhani alijua kwamba safari hii nitauliza, kwa hiyo akaanza mwenyewe kabla sijauliza. Alikuwa na rafiki. Walizaliwa mtaa mmoja, wakachunga mbuzi pamoja, wakafundishwa katekisimu pamoja misheni, wakaandikishwa jeshini siku moja. Mama wa yule rafiki alikuwa mjane na huyo ndiye mwanawe wa kiume pekee. Siku walipoondoka alimshika mume wangu mikono yote miwili akamwambia, wewe ndiye una akili, mrudishe mwenzako. Huko Burma walipigwa kwenye njia moja ya msituni, mume wangu pajani, rafiki yake tumboni. Wakapakiwa kwenye ndege, rafiki machela ya juu, yeye ya chini.

"Akawa anaomba maji," akasema. "Mganga wa jeshi alikuwa ametuambia kabisa: aliyepigwa tumboni asipewe maji, yatamuua. Mimi nilikuwa na chupa, imejaa. Aliteremsha mkono kutoka juu. Mkono wake ulikuwa hapa, mbele ya uso wangu. Anasema kwa Kisumbwa chetu, ndugu yangu, kidogo tu, nilowanishe ulimi. Nikamwambia vumilia, tunakaribia. Akaomba tena. Nikamwambia vumilia. Baadaye nikaona mkono hauombi tena."

Kuku wa jirani alikuja kudonoa vitambaa vyangu na sikumfukuza.

"Nilipotoka jeshini nilifika mpaka Kahama," akaendelea. "Ningepanda lori ningefika nyumbani siku ile ile. Nikamfikiria yule mama ananiuliza alikufaje. Nikageuza nikaenda kutafuta kazi Geita."

"Na hajui mpaka leo?"

"Tarishi wa boma alimwambia mwanao amekufa vitani. Basi. Anajua mimi nimerudi na sikwenda kumwona." Akaigusa ile machela ya juu, ikayumba. "Sitaweza kumweleza kwa mdomo peke yake, mke wangu. Nataka aone alipolala."

Tulisafiri kiangazi, barabara zilipokuwa kavu. Niliishonea ndege mfuko wa khanga wenye pamba ndani na nikaibeba mapajani tangu Shinyanga. Dereva wa lori alimwonea huruma mgonjwa akatukalisha mbele pamoja naye, lakini vumbi liliingia hata huko, na mume wangu alikohoa njia nzima. Kahama tulilazimika kupumzika kwa watu wa kanisa. Nilimsihi turudi. Akaniambia, "Hapa ndipo nilipogeuza mara ya kwanza."

Ushirombo alishukia begani kwangu. Kaka yake alitupokea vizuri, bila lawama, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba ugomvi wa ng'ombe niliokuwa nikiufikiria miaka yote haukuwepo. Tulipumzika, tukanywa uji, kisha tukaenda kwa yule mama. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya migomba. Tulimkuta ameketi mlangoni anachambua karanga kwa vidole, maana macho yake yalikuwa yameingia ukungu mweupe na hayaoni tena. Binti yake alikuwa anapepeta karibu naye.

"Shikamoo, mama," mume wangu akasema.

Vidole vikasimama juu ya karanga. "Marahaba. Sauti hii naijua."

"Ni mimi, mama. Yule mwenzake."

"Umechelewa," yule mama akasema.

Walizungumza Kisumbwa. Hakiko mbali sana na Kisukuma changu, nikafuata karibu yote. Alituomba tuketi, akauliza habari za njia, akauliza ugonjwa ni wa nini, nikatambulishwa kwake, akanishika uso kwa viganja vyake. Hayo yote alifanya kama desturi inavyotaka, lakini nilimwona jinsi shingo yake ilivyokakamaa. Mume wangu akanipa ishara. Nikaitoa ndege kwenye mfuko, nikaiweka mapajani mwa yule mama, nikafungua kifuniko cha mgongoni.

"Huu ni mfano wa ndege tuliyopakiwa," mume wangu akamwambia. "Nimeitengeneza ili uishike."

Alilipapasa bawa moja mpaka mwisho, kisha la pili, kisha mkia. "Yenyewe ilikuwa kubwa kiasi gani?"

"Ndefu kuliko nyumba hii mara kadhaa. Lakini ndani ni pembamba."

Kidole chake kikaingia kwenye tundu la mlango. "Hapa pamevunjika."

"Hapana, mama. Hapakuwa na mlango. Upepo ulikuwa unaingia."

Kikaendelea ndani polepole mpaka kikakuta kitambaa. "Na hiki?"

"Hapo chini nililala mimi. Hapo juu alilala yeye. Kichwa upande wa mkia."

Alikaa na kidole chake pale juu. Binti yake aliacha kupepeta.

"Kichwani alilalia nini?"

"Koti langu."

"Alisema nini?"

Mume wangu akamweleza. Hakupunguza wala hakujitetea. Aliitaja amri ya mganga mara moja tu na hakuirudia. Alipofika kwenye ule mkono ulioteremka kutoka juu, alingoja kifua kitulie, akaendelea.

"Ulikuwa na maji?" mama akauliza.

"Nilikuwa nayo."

"Na hukumpa."

"Sikumpa, mama."

Aliutoa mkono wake ndani ya ndege, akaiweka juu ya ungo wa karanga. Akainuka, akashika ukuta, akaingia ndani ya nyumba, na tukasikia kitanda kikilia alipokilalia. Binti akatuambia kwa upole, "Nendeni sasa. Nitakaa naye." Ndege tuliiacha pale pale juu ya ungo wa karanga. Nilimkokota mume wangu kurudi kwa kaka yake, na chakula kilipoletwa hakukigusa. Nilijilaumu moyoni kwamba ningekataa kushona yale mapazia, haya yote yasingetokea. Lakini si kweli. Yangetokea kwa namna nyingine, au angekufa nayo, na kati ya hayo mawili mpaka leo sijui lipi ni jema zaidi.

Asubuhi, kengele ya misheni ilipokwisha kulia, tulimwona anakuja kati ya migomba ameshikwa mkono na binti yake, khanga imelowa umande mpaka magotini. Alikataa kigoda. Akaketi chini, karibu na kitanda cha mume wangu kilichokuwa kimetolewa nje.

"Alipokuwa mdogo aliharisha sana," akaanza kusema, bila salamu. "Nikaambiwa nisimpe maji, ndiyo yanayomwendesha tumbo. Alilia kutwa. Alilamba ukuta wa mtungi kwa nje. Sikumpa. Akapona, nami nikajiona mama mwenye busara." Akafuta miguu yake umande. "Angekufa siku ile, ningesema nini?"

Mume wangu alikuwa analia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku daktari alipomwambia habari za kifua chake.

"Lile koti," mama akauliza. "Ulirudishiwa?"

"Hapana. Walimzika nalo. Huko India ndege ilikoshukia, kwenye makaburi ya askari."

"Lilikuwa zito?"

"Zito, mama. La sufu."

"Haya," akasema. Akampapasa mume wangu kichwani, kisha mabegani, akasikia jinsi mifupa ilivyojitokeza, na hapo ndipo yeye naye alipolia.

Hatukurudi Shinyanga. Mwanzoni mume wangu alikuwa anajikongoja kwenda kwake kila siku kuzungumza. Nguvu zilipomwishia, mama ndiye aliyekuja, akakaa naye mpaka jua kali, wakati mwingine bila neno. Alimtaka amsimulie mambo madogomadogo: mwanawe alikuwa anacheka na nani huko, alipika au alipikiwa, miguu yake ilizoea viatu au haikuzoea. Nilikuwa mke wake na niliyasikia yote hayo kwa mara ya kwanza pamoja na mgeni. Iliniuma kidogo. Lakini nilikuwa namwona mume wangu anatafuta kumbukumbu kwa hamu, macho juu, kama mtu anayetafuta zawadi kwenye sanduku, nikawaacha.

Alikufa msimu wa kuvuna mpunga, asubuhi, mimi nikiwa nimemwegemeza kifuani kwangu ili apumue. Pumzi zilikuwa fupi, zikawa za mbalimbali, halafu nikawa nangoja moja ambayo haikuja. Siku ya maziko yule mama aliwalilia wawili. Aliwataja mmoja baada ya mwingine kama watoto wa tumbo moja, na hakuna aliyemsahihisha.

Nilikaa kwake wakati wa matanga na baada ya matanga, tukilala chumba kimoja. Ndege alikuwa ameiweka juu ya uchaga, na moshi na joto la jiko viliifanyia kazi. Siku moja aliniita.

"Mwanangu, bawa limelala. Hebu lishike."

Kweli, bawa moja lilikuwa limeinama kama jani la mgomba lililokosa maji. Nilichemsha maji, nikalichovya, nikajaribu kulinyoosha kwa kidole gumba. Likakatika mkononi mwangu. Gundi ilikuwa imeisha tangu Shinyanga. Nilikaa na kile kipande na nikatambua kwamba sikuwahi kujua kazi ile; nilikuwa naijua sauti yake tu ikiniambia kidogo, shika, usiachie. Nililia kuliko nilivyolia kaburini.

Yule mama alinyoosha mkono hewani mpaka akanipata. Hakuniambia ninyamaze. Alikitwaa kile kipande, akakifunga kwenye pindo la khanga yake, akaniambia niende nikachume mboga kabla jua halijazama, maana binti yake amechelewa shamba na lazima tule.